Sauti ya Mueni Haikuwa Yangu

Ipo Ijumaa moja ya Jeddah ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, nanyamaza kwanza kabla ya kusema neno. Nilikuwa na umri kama wako. Maiki ilikuwa mbele yangu, mwanamke mmoja ameketi mbele ya maiki, na mzee wetu akaja akaifunika kwa kiganja chake kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

Jana uliponiambia kwamba kidato cha tano umechagua muziki na teknolojia ya muziki, uliutazama uso wangu kuona kama nitakunja ndita. Sikukunja. Nilisoma hayohayo, katika jiji hilihili la Riyadh, na aisifuye mvua imemnyea. Lakini kaa hapa kidogo. Nataka nikupe kitu ambacho mwalimu wako hatakupa, nacho ni shaka.

Leo Riyadh ina matamasha, watu wananunua tiketi kwa simu. Wakati wangu darasa la muziki lilikuwa nyuma ya maktaba ya shule yetu ya kimataifa, mlango hauna kibao, madirisha yamezibwa kwa sponji. Tulisema sponji ni za kuzuia mwangwi. Zilizuia na mengine. Tukitoka pale tulitembea kama watu waliotoka maabara ya kemia, na mzazi wa nje akiuliza tunasoma nini, tulijibu, "Kompyuta."

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mkuu wa majokofu kwenye maghala ya Al-Sulay, na kampuni yake ndiyo iliyonilipia ada. Nilipomwambia nimechagua somo gani, aliweka kikombe chini.

"Hesabu naielewa, Saumu," akasema. "Kemia naielewa. Hii ya kusikiliza, mtu husomea vipi kusikiliza?"

 Hata hivyo alinipeleka soko la Batha kununua maiki na hedifoni. Mwenye duka akatukagua kuanzia viatu, akauliza vitu hivi ni vya nini. Baba akajibu, "Madrasa," neno ambalo kwa Kiarabu ni shule tu, na hakuongeza kitu. Njiani akaniambia kwamba mtu akikuuliza swali kwa macho, usimjibu kwa mdomo. Baba alikuwa Mtanga wa maneno machache, lakini aliyahesabia uzito.

Sasa, kazi yetu ya mwaka ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi arekodi sauti ya mtu hai, aisafishe, aipangie ala, kisha aikabidhi pamoja na ghafi yake. Ghafi ni ile sauti kama ilivyoingia, kabla haijaguswa wala kukatwa. Mwalimu wetu, Mwingereza mmoja mrefu tuliyemwita Mister Alan, aliitaka ghafi kwa sababu moja: hakutuamini. Kuna mwanafunzi wa mwaka uliotangulia aliyeokota sauti ya mtu mtandaoni akasema ni ya shangazi yake. Tangu hapo Mister Alan alisikiliza kazi zetu kama askari wa forodha anavyopekua sanduku.

Nikamfikiria Bi Mwanakheri. Alikuwa mtu wa Mombasa, binamu wa bibi yangu, ameishi Jeddah miaka mingi hata Kiarabu chake kimekuwa cha Kihijazi, cha watu wa huko, kabisa. Nyumba yake ya Al-Mahjar ilikuwa bandari ya wanawake wa kwetu. Siku ya ofu, yaani ya mapumziko, Mkenya aliyefanya kazi za ndani, Mkristo au Mwislamu, alikuja pale akakalia mkeka, akala mahamri, akasema Kiswahili hadi ulimi ukapata nafuu. Shule ilipofunga, mimi na baba tukapanda basi Batha, tukaenda Jeddah.

Baba aliwasalimia akiwa mlangoni, kisha akaenda kukaa mkahawani na wanaume wenzake. Ndani walikuwa wanawake wachache. Wawili nitakutajia. Mmoja ni Mueni, Mkamba wa Machakos, mfanyakazi wa nyumba ya familia moja ya Kisaudia, mpole, wa sauti nzito kidogo. Mwingine ni Zubeda wa Malindi, msusi katika saluni ya wanawake, mcheshi, mikono imejaa bangili hadi karibu na kiwiko. Ndiye aliyekuwa akimimina chai.

Nilieleza ninachotaka. 

"Unafanyia nani hii kazi?" akauliza Zubeda.

"Shule."

"Shule gani inataka sauti za mayaya?"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na macho. Mueni ndiye aliyenionea huruma. Akasema anao wimbo wa kubembeleza mtoto aliorithi kwa nyanya yake, na ndio anaomwimbia mtoto wa madam wake mpaka alale. Nikamkalisha karibu na maiki, nikavaa hedifoni, nikamwambia nataka kwanza kupima ukubwa wa sauti yake.

"Sema chochote," nikamwambia. "Chochote kile, nipime tu."

Angalia vizuri hapa, mwanangu. Mwambie mtu aliyefungwa mdomo wiki nzima aseme chochote, atasema kile kilicho juu ya moyo wake. Mueni alitazama sakafu akasema, "Mimi niko sawa. Madam hanipigi, chakula nakula. Lakini nimechoka. Nikimaliza mkataba wangu tu, nitaondoka, na simwambii mtu. Nitapanga nguo zangu pole pole." Kisha, bila hata kungoja ishara yangu, akaimba.

Sijapata kusikia sauti kama ile. Ilikuwa kama mtu anayetembea ndani ya nyumba gizani bila kugonga kitu. Zubeda aliacha kumimina chai. Wimbo ulipokwisha, hapo ndipo Bi Mwanakheri alipoinuka akaja akaifunika maiki kwa kiganja.

"Hebu niambie," akasema. "Hiki kidude chasikia nini?"

"Sauti ya Mueni, bibi."

"Tangu saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba tangu nilipoanza kupima. Akaniuliza kama kupima na kunasa ni kitu kimoja, nikamjibu kwamba mashine hunasa hata inapopimwa.

"Basi hilo lilikuwa la kusema mbele, si la kusema nyuma," akasema, polepole, bila kupandisha sauti. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umemtegea mwenzio jiwe la kujikwaa. Hapa Jeddah neno la yaya lina miguu minne. Wimbo peleka shule, Mueni amekubali. Maneno haya ya mwanzo yasiguse shule. Baba yako ayaweke yeye, na asiyasikilize mtu ila kwa ruhusa ya mwenyewe."

Nikaahidi mbele ya wote. Jioni ileile nilimpa baba ghafi katika diski ndogo, nikabaki na wimbo tu; akaitia ndani ya mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo. Akiba haiozi, akasema.

Tulirudi Riyadh. Niliufanyia wimbo ule kazi kama mtu aliyepagawa, nikautilia kinanda cha chini na mvumo kidogo wa zumari. Mister Alan alipousikia aliniuliza ghafi iko wapi. Nikasema itakuja. Sikupenda alivyonitazama.

Kisha simu ikalia nyumbani, mchana wa siku ya mapumziko. Alikuwa Bi Mwanakheri, na hakunisalimu.

"Saumu, wimbo wa Mueni wazunguka kwenye simu za watu. Na maneno yake pia."

Ilikuwa hivi. Kipande cha sauti kilirushwa kutoka simu hadi simu, yaya hadi yaya, mpaka jikoni kwa jirani wa madam wa Mueni. Mtoto wa madam alikuwa pale akicheza, mama yake karibu. Aliposikia ule wimbo alitupa mwanasesere wake, akaanza kuita, "Mueni, Mueni," akiitafuta sauti nyuma ya simu. Hivyo ndivyo madam alivyojua ni ya nani. Akamwita dereva wake, Msomali wa Garissa aliyeitwa Abdi, amtafsirie. Kipande kilianzia kwenye maneno, "...nitaondoka, na simwambii mtu. Nitapanga nguo zangu pole pole." Madam akaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: huyu anataka kutoroka. Simu ya Mueni ikachukuliwa, ofu ikasimamishwa, ikama yake, kile kibali cha kuishi, ikawekwa kabatini, na kafili, yaani mdhamini wake, mume wa madam, akasema atamrudisha ofisini kwa wakala akarudishwe kwao akiwa na jina baya.

"Zubeda asema ni wewe," Bi Mwanakheri akamaliza. "Wote wasema ni wewe. Mimi sijasema."

Mwanangu, kushukiwa ni kuvalishwa nguo ya mtu mwingine, kila ukiivua wanasema unajifanya. Nilikata simu.

Na bado. Darasani kulikuwa na binti mmoja wa Kikenya, na yaya wao alikuwa nacho kile kipande. Binti akamsikilizisha Mister Alan kwa nia njema kabisa, akidhani wimbo wangu umepata umaarufu. Mwalimu aliniita.

"Sauti hii iko kwenye simu za watu," akasema. "Nawe hujaniletea ghafi. Nifikirie nini?"

Basi tazama nilivyobanwa. Jeddah walisema nimeitoa sauti, Riyadh wakasema nimeiokota. Ghafi ingejibu la Riyadh angalau, nayo ilikuwa mfukoni mwa baba. Nilikimbia nyumbani nikamwomba. Baba alikuwa akisafisha bisibisi zake kwa kitambaa; hakuinua kichwa.

"Ukimsikilizisha mwalimu, wewe umepona," akasema. "Mueni je?"

"Lakini ni kunisafisha mimi tu, baba."

"Uliahidi kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwenyewe amenyang'anywa simu. Kwa hiyo ruhusa mafi, hakuna." Alipenda kutia Kiarabu cha kazini panapouma. Kisha akasema kwamba Alhamisi tungepanda basi kwenda Jeddah.

Kabla ya Alhamisi nilimwomba yule binti anipe kile kipande, nikakaa nacho darasani peke yangu nikiwa nimevaa hedifoni. Nilitaka kumjua mwizi. Nilimshuku yule binti mwenyewe, nikamshuku anayefagia darasa, nikamshuku Mister Alan, na kwa dakika fulani nilimshuku hata baba. Shaka ikishaingia haichagui kiti.

Nikasikiliza tena na tena. Kwenye rekodi yangu Mueni alikuwa karibu, unasikia hata anavyovuta pumzi, na vikombe viko mbali nyuma yake. Kwenye kipande hiki mambo yalikuwa kinyume. Mueni alikuwa mbali, kama anaimba chumba cha pili, na vikombe viko puani. Karibu zaidi ya vikombe, kulikuwa na mlio mwembamba wa bangili zikigongana, mlio wa mkono unaojaribu kutulia na hautulii.

Kipande hicho hakikutoka kwenye mashine yangu. Kilinaswa kwa simu, palepale mkekani, na mtu aliyekuwa kwenye birika la chai.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yule aliyeniuliza ninamfanyia nani kazi ndiye aliyekuwa na simu mapajani.

Tulipofika Al-Mahjar nilimwita Bi Mwanakheri pembeni, nikamsikilizisha. Hakushangaa. Alimtuma mtu kwa Zubeda, na alipofika alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamuuliza bila kuzunguka, "Ni wewe uliyenasa wimbo wa Mueni?"

Zubeda alitazama bangili zake. "Nilimtumia dada yangu tu, yuko Dammam," akasema. "Wimbo ulikuwa mtamu. Yeye ndiye aliyerusha."

"Na maneno?"

"Nilibonyeza kabla ya wimbo kidogo. Sikuyasikia vizuri hayo maneno, wallahi."

"Na kwa nini ukasema ni Saumu?"

 Zubeda akaanza kulia, na Bi Mwanakheri akampa leso. Inawezekana ni kweli yote aliyosema. Inawezekana pia aliyasikia maneno vizuri sana. Baadaye nilisikia kwamba binamu yake alikuwa akitafuta nyumba ya kufanya kazi kulekule mtaani kwa madam. Nimeishi na jambo hili miaka mingi, na mpaka leo nusu yangu inamwamini Zubeda na nusu haimwamini. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Alasiri tukaenda kwa madam, mimi, baba na Bi Mwanakheri, ambaye aliwahi kuwashonea nguo za harusi watu wa nyumba ile. Tulikaribishwa sebuleni. Baba alinikabidhi diski, akabaki na kafili chumba cha wageni wa kiume. Madam hakuwa mtu katili, nikuambie ukweli. Alikuwa mama kijana aliyeogopa kuamka asubuhi akute mtoto yuko peke yake. Lakini Bi Mwanakheri alipojitolea kutafsiri, alikataa.

"Wewe ni mtu wao," akasema. "Atatafsiri Abdi."

Abdi akaitwa, akasimama kwenye mlango akitazama ukuta. Mueni naye akaletwa. Alikuwa amekonda usoni. Aliponiona aligeuza macho, na jambo hilo liliniuma kuliko yote ya Mister Alan.

Bi Mwanakheri akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, sauti yako yote i hapa, kuanzia neno la kwanza. Hakuna aliyeisikiliza tangu siku ile. Tuifungue, au tuiache?"

Mueni akauliza, "Nilisema vibaya mahali?"

"Hukusema vibaya. Lakini ni yako."

"Basi wacha wasikie."

Nikafungua. Sauti yake ikajaa sebule ile: mimi niko sawa, madam hanipigi, chakula nakula. Abdi akawa anatafsiri neno kwa neno. Alipofika kwenye "nikimaliza mkataba wangu tu," akasita, akasema kwa Kiarabu kwamba maneno hayo hayakuwamo kwenye kile kipande cha simu. Madam akamwambia arudie. Akarudia.

 Kisha madam akamuuliza Mueni mwenyewe, "Kwa nini ulisema humwambii mtu?"

Mueni akajibu kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Nikisema mapema, madam, utanichukia mapema. Na mtoto atajua."

 Kafili aliposimuliwa alisema, "Halas," yaani basi, na habari ya wakala ikaishia hapo. Simu ilirudishwa siku ileile. Ofu haikurudi, na Mueni aliumaliza mkataba wake bila kukanyaga tena mkeka wa Al-Mahjar. Alipomaliza, alirudi Machakos salama, madam mwenyewe akamsindikiza uwanja wa ndege na mtoto mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mengine hufutika.

Siku ile ya sebuleni, Mueni alipotusindikiza mlangoni, nilimwambia pole, na kwamba wimbo wake ulikuwa umetoka vizuri kuliko kazi zote za darasa letu. Nilidhani atafurahi.

"Saumu," akasema, "mwalimu wako asikie hiyo yote mara moja, ajue hukuiba. Halafu ufute. Na wimbo pia."

"Wimbo pia?"

"Ulikuwa wa mtoto. Sasa kila mtu ako nao. Wewe angalau usiwe nao."

Mister Alan aliisikiliza ghafi hadi mwisho. Aliniomba radhi, kwa njia ya Waingereza, yaani alinitengenezea chai. Kisha akaniambia niukabidhi wimbo ule, hakuna kazi nyingine mwaka ule iliyoukaribia. Nikamwambia mwenyewe amekataa. Akasema mwenyewe yuko mbali, hatajua. Nikamtazama, mwanangu, mtu mzima, mwalimu, aliyenishuku wizi wiki iliyopita, sasa ananifundisha wizi wenyewe kwa upole. Nikafuta mbele yake.

Nilianza upya, muda ukiwa umekwisha karibu wote. Nilimrekodi baba akiimba kaswida ya utotoni mwake, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa ghala ambao haujapakwa mafuta. Alikubali kwa sharti la kwamba asisikilizwe na jamaa zake wa Tanga. Nikapata alama ya katikati. Nilifaulu, sikung'aa. Kazi ya kuhariri sauti inayotulisha leo niliipata kwa alama hiyo ya katikati, na sijaijutia.

Sasa nikuambie waziwazi, nisikuache ukikisia. Somo ulilochagua litakupa masikio yanayopenya kuta. Yaogope. Kabla hujawasha mashine, mwambie mtu kwamba imewashwa, hata kama unapima tu. Akikupa sauti yake, amekuazima, hajakupa. Akiitaka, irudishe, hata ikiwa imekuwa nzuri kuliko wewe. Ghafi yako ihifadhi kwa mtu anayeweza kukunyima. Siku hizi zenu mashine inaiga sauti ya mtu aliyelala, kwa hiyo ukiletewa kipande cha sauti, uliza mwanzo wake uko wapi, nani alikuwa karibu na vikombe, na nani anafaidika ukikiamini. Usimshuku mtu kwa sababu ni mgeni, wala usimwamini kwa sababu anapiga kelele pamoja nawe. Na ukimshuku, msikilize kuanzia neno lake la kwanza kabla hujamhukumu kwa la mwisho. Anayekuambia mwenyewe hatajua, huyo muogope kuliko wote, hata akiwa anakumiminia chai.

Haya, kajiandae, shule ni kesho. Mungu akufungulie masikio na akufungie pupa. Akupe mikono inayojua kuwasha na inayojua kufuta. Akukutanishe na watu wenye sauti nzuri, na wewe uwe mtu wanayeweza kuimba mbele yake bila kugeuka kutazama mlango. Radhi zangu unazo, mwanangu, za leo na za siku ambayo sitakuwapo.